Buni ya Mgeni Huchemshwa

Kwetu Mteremkoni wakati hauendi popote. Umekaa. Chini kabisa, kule kwenye joto, ni Jana. Katikati, penye soko na zahanati na kelele za mashine ya kusaga, ni Leo. Juu penye ukungu ni Kesho, na huko ndiko kilipo kitalu ninachofanyia kazi. Ukitaka kwenda Jana unateremka kwa miguu yako, mwendo wa asubuhi nzima kama magoti bado yanakusikiliza. Ukitaka kurudi unapanda, huku unalalamika kama wapandaji wote. Watu tunakwenda na kurudi bila kudhurika. Sijui kwa nini. Waliowahi kuuliza hawakujibiwa, na mimi nina kazi nyingi.

Mimea ndiyo haiwezi. Kata tawi la mbuni kule Jana, lifunge kwenye gamba bichi la mgomba, lipandishe. Kila kona unayopita linaongeza miaka, na ukifika Kesho mkononi una kuni. Tumejaribu mara tatu. Mara ya tatu tulipikia chai. Mbegu peke yake ndiyo inayovuka, kwa sababu mbegu haina umri mpaka iguse udongo. Jambo hili nimelifikiria miaka ishirini na sita na sijalimaliza: kwamba kitu pekee kinachoweza kutoka Jana kikafika Kesho kikiwa hai ni kile ambacho bado hakijaanza kuwa. Wewe na mimi tumeshaanza. Tumechelewa.

Haya, nieleze shida yenyewe, maana falsafa haimwagilii miche.

Mnyauko ulianzia Jana. Mbuni unaamka na jani moja la njano. Wiki ya pili umeinamisha matawi. Mwezi wa tatu unausukuma kwa kidole, unaanguka. Jana yote ikakauka hivyo, shamba baada ya shamba, na wenyewe wakafunga virago wakahamia Leo. Kisha ugonjwa ukawafuata. Mwaka huo nilipopita sokoni Leo nilikuta wanaume wazima wamekaa juu ya magunia matupu tangu asubuhi, hawachezi, hawazozani, wamekaa tu, na hilo lilinitisha kuliko majani ya njano. Juu, kitaluni kwetu, tulikuwa na miche elfu sita, mizuri, mistari imenyooka. Yote ilikuwa watoto wa mama mmoja. Kinachomuua mmoja kinawaua elfu sita. Hilo halihitaji shahada.

Na aliyemchagua mama huyo ni mimi. Niliseme nisijifiche. Zamani nilikuwa mwonjaji. Walinipangia vikombe arobaini mezani, kila kikombe na mti wake. Nikavuta kwa kijiko, nikazungusha mdomoni, nikatema. Nilipofika kikombe cha kumi na saba nikasema, "Huu." Mnunuzi wa ng'ambo naye akaonja, akasema huuhuu. Miti thelathini na tisa iliyobaki ikang'olewa mwezi uleule, ili isichanganye ladha. Nilikuwa na ulimi mzuri, kila mtu alisema hivyo. Walinipa na kitenge. Hakuna aliyeuliza ile miti thelathini na tisa ilikuwa inajua nini ambacho ule mmoja haujui. Mimi mwenye ulimi wangu sikuuliza.

Sasa mnunuzi yuleyule, au mwanawe, au mjukuu wake, huku juu ni vigumu kujua, akatuandikia barua. Anataka kahawa isiyomwonea mtu, wala msitu, wala wajukuu wa mtu. Anataka tumhakikishie kwamba itakuwapo miaka mia ijayo. Jamani, tulicheka! Miaka mia, na sisi tulikuwa tunahesabu misimu mitatu tu. Mkuu wa kitalu, Rwehumbiza, mtu mpole anayevaa koti hata jua likiwaka, hakucheka. Aliikunja barua akaitia mfukoni, akaniita pembeni.

"Kemilembe, kule Jana kuna mbuni mmoja umebaki hai. Umezungukwa na mizoga ya mibuni, wenyewe haujali. Uko uani kwa mama mmoja anaitwa Nyakato."

"Ladha yake?"

"Ndugu yake ulikuwa kikombe chako cha thelathini na moja. Uliandika, 'Ladha ya gunia.'"

Nilikumbuka nilivyoandika, na nilivyojiona mchekeshaji.

"Lete mbegu," akasema. "Hata konzi moja. Hata kumi. Tutauzalisha na wetu, tutakosea, tutajaribu tena, miaka saba hivi. Bila mbegu hiyo, dada, hakuna cha kujaribu. Wale walio sokoni watakaa juu ya magunia mpaka lini?"

Nikateremka.

Leo niliipita haraka. Karibu na chemchemi nilimwona mwanamke anachuma buni huku anaimba, amejifunga kitenge kipya kabisa. Nilimtambua kwa kile kitenge. Alikuwa mimi wa mwaka ule wa vikombe, mwenye raha zake. Sikumsalimia. Mtu hajisalimii, na isitoshe ningemtukana.

Jana ni kimya. Ukitembea, majani makavu yanalia chini ya viatu mpaka unaona haya kutembea. Mibuni imesimama myeusi pande zote, na katikati ya uani ule, nyuma ya nyumba ya bati lenye kutu, mti mmoja ulikuwa na majani. Mbaya wa sura: mfupi, umepinda kiuno, majani madogo ya kijani kizito. Na una matunda mekundu, hayajai hata kikapu. Ningeupigia magoti kama hakungekuwa na mtu anayenitazama kutoka mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Umekuja kama nani?"

Kule Jana ndilo swali la kwanza, na majibu ni matatu tu: unakuja kama mgeni, kama mnunuzi, au kama ndugu. Kila jibu lina mlango wake na kiti chake. Mimi mtoto niliyelelewa nikaleleka, niliyechapwa kwa kumpita mtu mzima bila salamu, nikajibu kwa unyenyekevu kama nilivyofundishwa.

"Kama mgeni, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hapo ndipo nilipoharibu. Wakati ule nilidhani nimeanza vizuri.

Nyakato alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, mguu mmoja unaburura kidogo. Jina lake ni la pacha wa pili. Wa kwanza, Nyangoma, aliondoka na homa wakiwa wasichana. Hilo hakuniambia yeye, nililisikia kwa waliohamia Leo, lakini lilikuwa kwenye maneno yake yenyewe. Alikuwa akisema nusu ya jambo, ananyamaza kidogo, kisha analimalizia peke yake, kama mtu aliyezaliwa amezoea kumaliziwa. "Jua la leo..." anangoja. "...litaunguza mihogo." Ukikaa naye unatamani kumkatiza umsaidie, lakini ile nafasi haikuwa yako.

"Nyinyi watafiti mlikuja juzi mkakata tawi," akaniambia tukila.

"Siyo mimi, Mama. Walikuwa wengine."

"Nyinyi ni mtu mmoja mwenye viatu tofauti."

Nilitazama viatu vyangu. Kwa kweli sikuwa na hakika. Huenda nilikuja. Huenda kila anayeshuka Jana kuomba kitu ni yuleyule, na anayeombwa ndiye anayebadilika, anazeeka, anachoka, mpaka siku moja hayupo na mwombaji anakuta mlango wazi. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti nikaona ni upuuzi wa mtu aliyeshiba, nikaomba maji.

Nilimweleza kilichonileta, bila kuzungukazunguka. Mnyauko, miche elfu sita, wanaume juu ya magunia. Nikamwambia, "Mama, naomba mbegu za mti wako." Akatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza.

"Utapewa. Zote. Mgeni hatoki kwangu mikono mitupu."

"Zote, Mama?"

"Nizifanyie nini mimi? Watu wamehama. Sina hata wa kunizika..." Akangoja. "...sembuse wa kunywa naye kahawa."

Alilisema hivyohivyo, kama anavyosema chumvi imekwisha. Kule kwao mtu huzikwa na ndugu. Asiye na ndugu huzikwa na watu tu, wanamfukia, wanakung'uta mikono, wanakwenda zao. Nyakato alikuwa akiogopa jambo moja duniani, nalo ni hilo.

Siku mbili nilikula nikalala. Siku ya pili jioni tulichuma pamoja, tunda baada ya tunda, kikapu kikajaa nusu, nami nikawa nahesabu kimoyomoyo kama mwehu. Mia nne na kumi na mbili! Mawazoni nilimwona Rwehumbiza akilia ndani ya koti lake. Siku ya tatu Nyakato akaniletea jembe huku anacheka hadi mapengo yakaonekana, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikaenda kupalilia mihogo yake nyuma ya kilima, kwa moyo mmoja. Niliimba, hata.

Nikarudi adhuhuri. Nikasikia harufu ya mchaichai.

Harufu nzuri sana. Mchaichai, na jani jingine la porini, na kitu kizito chini yake ambacho pua yangu ilikijua kabla akili haijakubali. Nilitupa jembe. Nilipofika uani, sufuria kubwa lilikuwa mekoni linatokota, mvuke unapanda, na Nyakato ameketi kando anakoroga taratibu na uso wake umetulia kama wa mtu anayefanya jambo la heshima.

"Mama, unachemsha nini?"

"Zako."

"Zangu zipi?"

"Buni zako. Nimechuma majani mazuri kabisa, yale ya bondeni. Zitakaa mwaka mzima, utatafuna, utamkumbuka Nyakato."

Mtume wangu! Nilipiga yowe ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilitumbukiza mkono kwenye sufuria, ukaungua, nikatoa konzi, nikazipasua moja moja. Zimeiva. Zimekufa. Mia nne na kumi na mbili zimekufa, zinanukia vizuri.

"Nilisema mbegu! Mbegu, Mama! Za kupanda!"

Naye akasimama, mguu wake ukiburura, akanitazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Mbichi hupewa mnunuzi," akasema. "Buni ya mgeni huchemshwa. Nikikupa mbichi, watu watasema Nyakato hana kuni, hana sufuria, hana adabu. Wewe mwenyewe, nilikuuliza umekuja kama nani. Ulijibu nini?"

Nikakaa chini palepale, kwenye majivu. Nikalia kwa sauti, mkono unawaka, makamasi yananitoka, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Kumbe ningesema neno moja tu pale mlangoni. Ningesema "mnunuzi", angenipa mbichi kwa ubaridi, nami ningeondoka nazo. Nilijibu kwa adabu, akanipokea kwa adabu, na baina ya adabu zetu mbili mbegu zikaungua. Nikafikiri ndivyo tulivyofanya na ile miti thelathini na tisa. Hatukuichukia. Tulimpa mnunuzi kilicho bora tu, tukampikia ladha moja safi mpaka ikaiva na kufa mbele yetu, na wote tulikuwa tunatabasamu. Hakuna aliyekuwa mbaya. Ningekuwa na mbaya wa kumlaumu ningepumua.

Nyakato alinisikiliza nikilia. Taratibu uso wake ukabadilika. Nadhani ndipo alipoelewa kupanda ni kupanda.

"Zote nimeziua?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Zote."

"Limebaki moja," akasema. "Lile la juu."

Nikainua macho. Kwenye tawi la juu kabisa kulikuwa na tunda moja jekundu. Kila msimu wachumaji wa kule humwachia mti tunda moja, ni lake, halichumwi.

"Nipe hilo, Mama."

"Kama nani?"

"Kama mnunuzi! Sema unataka nini!"

"Umeshaingia kama mgeni. Mtu haingii kwangu na sura mbili."

"Kama mwizi, basi."

Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akangoja, akilitazama tunda lile, na safari hii hakuwa anamngoja pacha wake amalizie. Alikuwa anapima.

"Ipo njia moja ninayoijua ya kufungua tunda bichi baina ya watu wawili," akasema. "Lakini humezwa."

Nilijua anachosema. Hata sisi wa juu tumesikia. Tunda la buni lina punje mbili, zimelala uso kwa uso kwenye ganda moja. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu, hulipasua. Kila mmoja huchanja chale ndogo chini ya kitovu, huchovya punje kwenye damu ya mwenzake, huimeza. Kisha anayeondoka huondoka bila kusema neno na bila kugeuka. Akifika kona ya kwanza, aliyebaki humwita mara tatu, naye huitika mara tatu. Hapo undugu umefungwa, hata kifo hakiufungui. Asipoitika, hawakuwahi kuwa kitu.

"Nimekaa bila dada miaka sitini," Nyakato akasema. "Undugu ni kufaana, si kufanana. Utanizika?"

Nikasema, "Nitakuzika." Naapa kwamba wakati ninalisema, lilikuwa kweli.

Alilichuma yeye mwenyewe. Alilipasua kwa ukucha wa kidole gumba, juu ya kiganja, na zikatoka mbili, zimeteleza, nyeupe kama meno ya maziwa. Tukachanjana. Chale yake ilichelewa kutoa damu, ngozi imekauka, akaomba radhi kwa hilo. Aliichukua punje yangu akaichovya kwenye damu yake akanipa. Akameza yake kwanza. Ilimkwama, akakohoa, akanywa maji, akapiga kifua, akatabasamu. Kisha akanitazama mimi.

Najua unachofikiri: si ningeimeza tu, kisha ningoje kesho yake? Nilifikiri hivyo pia, usidhani nina haya. Wapo wanyama wanaomeza buni na kuitoa nzima ikaota. Lakini tumbo langu mimi silijui, na sikuwa na punje ya pili ya kujaribia.

Niliiweka mdomoni. Nikaisukuma chini ya ulimi. Nikanywa maji, nikameza maji.

Hakunikagua. Kumkagua ndugu ni matusi. Aliniwekea buni zile zilizochemshwa ndani ya furushi la majani ya mgomba, akanifunga mkono ulioungua kwa kitambaa, akanishika mabega yote mawili. Nikaondoka bila kugeuka.

Sasa niseme jinsi ilivyokuwa kutoka mlangoni hadi kona. Ni hatua mia mbili labda.

Punje chini ya ulimi. Ina chumvi. Chumvi ya damu yake. Ulimi uleule, Kemilembe, ulioandika gunia. Usimeze mate. Meza polepole. Miche elfu sita. Wanaume juu ya magunia. Mama mmoja na mguu unaoburura. Elfu kwa mmoja, hesabu rahisi, mtoto anaijua. Basi kwa nini miguu mizito? Kesho inakula nini? Kesho inakula Jana, haina chakula kingine, na Jana inatoa, inatoa, inakuuliza kama umeshiba. Nani aliniambia mimi nina haki ya kuipokea? Mnunuzi anataka isiyomwonea mtu. Ninayo hapa, mheshimiwa, chini ya ulimi, njoo uonje. Naweza kuimeza sasa hivi. Bado naweza. Niimeze nigeuke nimwambie dada, nimekuja kukaa, nitapalilia mihogo, nitakuzika. Naweza. Hatua mia. Hatua hamsini. Sikuimeza.

Nikafika kona.

"Dada!"

Sauti yake ilikuwa changa. Nasema kweli, ilikuwa sauti ya msichana. Nikasimama.

Hakuna kilichonizuia kuitika. Ningeisogeza punje shavuni, nikasema "Abee!" na kuendelea na safari. Mtu huongea vizuri tu na kitu shavuni. Nani angejua? Angekaa kule chini na dada yake, mwenye furaha, mpaka siku yake ifike. Uongo mmoja mdogo, juu ya ule mwingine ambao nilikuwa nimeshaumeza na maji. Nilifungua mdomo. Nikaufumba tena. Kuiba nilikwisha kuiba, lakini kuitika mahali pa Nyangoma, na punje iko hapa mdomoni haijamezwa, hilo sikuliweza.

"Dada!"

Nilisimama nimeshika mti mkavu wa kando ya njia. Nililia bila sauti, maana mdomo nilikuwa nimeufumba.

"Dada'ngu!" Mara ya tatu. Sasa ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, imepasuka katikati.

Sikuitika. Hata majani yalinyamaza. Nikasikia mguu wake ukiburura kurudi nyumbani, hatua tatu, nne. Ukasimama. Na nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumsindikiza mtu:

"Basi, mgeni. Nenda salama. Njia ya kushoto ina utelezi."

Mpaka leo sijui kama alijua tangu mwanzo. Pengine alinipa tunda lile akijua nitafanya nini nalo, akanifungulia njia mbili ili nichague, na akaniita ili ajue nimechagua ipi. Pengine hakujua mpaka nilipokosa kuitika. Nimejiuliza kwa njia zote mbili na zote zinauma.

Nilipita kulia. Nikapanda. Leo yote niliipita nimefumba mdomo. Watu wakanisalimia, "Habari za safari, Kemilembe?", nikawapita kama mtu asiye na kwao. Mzee mmoja juu ya gunia lake alitema mate nyuma yangu, akasema kitalu kimenivimbisha kichwa. Mwanangu wa kike alikuwa dukani anapima sukari, akaita, "Mama!" Nikampita na yeye. Alinifuata hadi nje, akasimama.

Kitaluni Rwehumbiza alinipokea langoni na koti lake. Nilitema punje kwenye kiganja chake. Aliitazama, akanitazama.

"Moja?"

"Moja."

Tukaipanda papo hapo, kwenye kimfuko cha udongo na mchanga na samadi iliyooza, upande wake bapa ukiwa chini kama inavyotakiwa, tukaifunika kwa nyasi. Aliandika kibandiko kwa kalamu yake, tarehe, mahali. Akaniuliza tuuite jina gani mti huu, kwa sababu mbegu ikishika, jina hilo litaandikwa kwenye kila gunia, watu watalitaja miaka mia.

"Tumwite Nyakato," akasema yeye mwenyewe. "Tumpe heshima yake."

"Hakuomba jina," nikamwambia. "Aliomba wa kumzika."

Akaandika Nyakato.

Siku ishirini hakuna kitu. Siku arobaini hakuna kitu, na miche elfu sita ikaanza: jani la njano mstari wa nne, jani la njano mstari wa tisa. Nilikuwa nakaa mbele ya kimfuko kile saa nzimanzima bila kazi. Siku ya hamsini na tatu asubuhi udongo ulikuwa umepasuka, na shina lililopinda kama sindano ya kushonea magunia lilikuwa limeinua punje yake juu ya kichwa, ngozi na yote, inatazama pembeni. Rwehumbiza akavua koti. Wafanyakazi wote wakaja mbio, wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akanibeba mgongoni akazunguka nami kitalu kizima.

Waliponishusha nilikwenda nyuma ya kibanda cha zana, mahali ukuta unapoishia na mteremko unapoanza. Nikaita kuelekea chini, "Dada!" Nikangoja. Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa nguvu zangu zote, mpaka kifua kikauma.

Hakuna aliyeitika. Nikachota maji, nikarudi kitaluni.